Abiria Aliyeuliza Halafu

Jambo la kwanza lilikuwa dogo, hata Mkalimani aliona aibu kulitilia maanani. Aliliacha gari uani jioni, kioo cha kati kikitazama nyuma kama inavyotakiwa, na asubuhi alipokwenda kulifuta umande akakuta kimegeuzwa kuelekea kiti cha kushoto, kimeinamishwa kidogo, kana kwamba mtu aliyekaa pale alitaka kujitazama uso. Akakirudisha. Kesho yake, vile vile.

"Skrubu imelegea," alijiambia. Gari la zamani halikosi kilema.

Na lilikuwa la zamani kweli. Rangi ya samli, pua ndefu, usukani mpana mwembamba kama bangili, viti vya ngozi vilivyopasuka mistari kama kisigino cha mkulima. Baba yake alikuwa dereva wa gari la namna hiyo hiyo, mali ya tajiri mmoja. Watoto waliruhusiwa kuliosha, kukaa ndani mwiko. Dada yake mkubwa alikuwa akipiga magoti kwenye povu la sabuni na kunong'ona, "Siku moja, mdogo wangu, tutapanda. Tena nyuma, tumekunja nne."

Dada huyo sasa alikuwa peke yake katika nyumba ya wazazi, mbali, safari ya mchana kutwa na zaidi. Macho yake yalikuwa yanaingia ukungu. "Njoo," alimwambia kwenye simu, "njoo wakati bado naweza kukuona hata kivuli." Mkalimani hakuwa amekwenda nyumbani miaka na miaka. Hata mama yao alipozikwa hakwenda. Kulikuwa na kesi isiyoahirishika, na baada ya hapo aibu ikawa inamzuia kama mto uliofurika. Gari lile alilojinunulia ndilo lililompa ujasiri. Angefika nalo mlangoni, apige honi, amfungulie dada yake mlango wa nyuma.

Pale mahakamani wote walimwita Mkalimani, na nje ya mahakama hakukuwa na wa kumwita. Kutwa alisimama kando ya kizimba akisema "mimi" na asiwe yeye. Mimi sikuiba. Mimi ndiye niliyempiga. Mimi ni mama wa marehemu. Jioni alirudi chumbani kwake, akapika, akala, akaosha sahani moja.

Siku aliyolipeleka gari gereji kwa ajili ya safari, fundi alilizunguka akitikisa kichwa kwa mapenzi.

"Mzee, hili si gari. Hili ni mke wa pili."

"Hata wa kwanza sina."

"Basi umeanzia juu!" Fundi akacheka, akaingia kazini: akasafisha kabureta, akabadilisha plagi na mkanda wa feni, akakaza breki. Mkalimani alisimama barazani akinywa maji. Baadaye fundi akamjia akijifuta mikono, sauti ameishusha.

"Samahani, mzee. Huyu mwenzako ataendelea kukaa humo mpaka lini? Nataka kufungua dashibodi."

"Mwenzangu yupi?"

Fundi akageuka. Kiti cha kushoto kilikuwa kitupu. "Basi. Jua hili la leo kali." Lakini kuanzia hapo alifanya kazi milango yote ikiwa wazi na redio inapiga kelele, na alipomaliza hakusema tena habari ya mke wa pili.

Fundi alikuwa ameagiza injini izoeshwe kwanza, ingurume kidogo kila jioni. Kwa hiyo kila jioni Mkalimani alikaa garini pale uani, injini ikinong'ona, jua likizama nyuma ya ukuta. Ndipo alipoanza kuisikia ile harufu. Ilikuwa harufu ya nguo iliyoungua pasi, na chini yake marashi mazito, kama ya mtu aliyetoka kuoga. Alinusa viti, akanusa mazulia. Ilikuwa hewani tu, usawa wa bega lake la kushoto.

"Leo nimechoka," akasema, bila kumwambia mtu.

"Halafu?"

Sauti ilikuwa laini, si ya kiume wala ya kike. Nywele zilimsimama. Alitaka kufungua mlango akimbie, na mkono ulikwishashika kitasa. Lakini hakukumbuka mara ya mwisho mtu kumwuliza hivyo. Watu walimwambia, walimwagiza, walimpita. Halafu? Neno la mtu anayetaka usinyamaze.

"Halafu," akajibu, ulimi mzito, "leo kulikuwa na mama mmoja kizimbani…"

Akaeleza. Kile kitu kikasikiliza.

Akawa hana tena mazoea mengine. Akitoka kazini haingii chumbani, anakwenda moja kwa moja garini. Alieleza kesi, kisha akaeleza mambo yake: siku alipomwaga rangi kwenye kanga ya mama, na dada akabeba lawama, wimbo alioimba baba akiosha rimu, mti wenye jina lake lililochongwa kwa msumari, jinsi alivyokaa kitandani siku ya mazishi, viatu vya safari mguuni, asiinuke. Kila aliposita, sauti ilimsogezea neno lake lile lile, taratibu, kama mtu anayemsogezea mwenzake kiti. Alikonda, wala hakujali. Safari aliiahirisha, akaiahirisha tena. Mtungi wa maji, jeki na kamba ya kuvutia vilikwishapangwa butini; hakuna kilichopungua ila kuondoka.

Jioni moja dada yake alipiga simu. Mkalimani alikuwa garini. Alibonyeza, akaiweka simu juu ya dashibodi, akafungua mdomo amsalimie.

"Shikamoo, dada," ikasema sauti yake.

Ilitoka kiti cha kushoto.

"Marahaba, mdogo wangu! Leo una raha, nakusikia."

"Nina raha, dada, kwa sababu nakuja," ikasema sauti yake, na Mkalimani akiwa bado mdomo wazi, akaisikia ikimkumbusha dada yake kanga na rangi na lawama, ikiomba radhi ambayo yeye hakupata kuiomba, ikicheka kicheko alichokuwa nacho utotoni na ambacho hakujua kimepotelea wapi, na dada yake akicheka na kulia huko mbali, na ile harufu ya kuungua ikipanda mpaka macho yakamtoka machozi, na ngozi ya kiti cha kushoto ikibonyea polepole, ikalia kama inavyolia pale mtu mzima anapojisogeza karibu, karibu zaidi, mpaka akahisi joto la shavu pembeni ya shavu lake.

Simu ilipokatika akaanguka nje ya gari kwa mikono na magoti.

Kesho yake alipomweleza fundi, fundi hakushangaa. "Nilimwona ana kwa ana, mzee. Kafanana na wewe, ila yeye ana furaha." Akampeleka kwa mtaalamu, mwanamke wa makamo mwenye miwani minene, aliyekuja uani alasiri ile ile na chetezo mkononi, bila mbwembwe.

Alilizunguka gari akisoma kwa sauti ya chini, moshi ukiingia madirishani. Vioo vikafunga ukungu kwa ndani, na katika ukungu ule kikajichora kiganja, kikafuta, kama mtu anayetaka kuona nje kuna nini. Honi ikalia yenyewe, ndefu, yenye uchungu, mpaka majirani wakafunga madirisha. Halafu mlango wa kushoto ukafunguka polepole, kwa adabu, kama mgeni anayeaga. Ukajifunga.

"Ametoka," mtaalamu akasema. Lakini hakutazama gari, alitazama lango. "Ulimpa nini?"

"Sikumpa kitu, mama. Wallahi."

"Ulimwambia nini?"

Mkalimani akainamisha kichwa. "Yote."

Mtaalamu akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga yake. "Basi hukumnyima kitu," akasema. "Ondoka mapema kesho, baba. Usikawie."

Aliondoka alfajiri. Gari lilikwenda vizuri, breki imara, injini tamu. Vilima vilikuja na kupita, mashamba, miji midogo yenye maduka yaliyokuwa bado yamefungwa. Ndani ya gari kulikuwa na ukimya ambao hakuutarajia. Alijua amepona, na bado moyo ulimuuma kama wa mtu aliyefiwa. "Leo kuna baridi," akasema kwa sauti. Hakuna aliyeuliza chochote. Aliona haya kwa jinsi alivyosubiri.

Adhuhuri alisimama kwenye kituo cha mafuta, akampigia dada yake.

"Shikamoo, dada. Nipo njiani, nimevuka nusu."

"Nani mwenzangu?"

"Mimi. Mdogo wako."

"Mdogo wangu?" Dada akacheka, kicheko cha mashaka. "Mdogo wangu huyu hapa ndani. Kafika jana magharibi. Gari limemharibikia, kaja kwa miguu, maskini, viatu vyote vumbi."

Mkalimani akashika paa la gari. "Dada, nisikilize. Huyo si mimi. Huoni vizuri, dada. Muulize ile kanga ya mama, nani aliimwagia rangi."

"Tumelizungumza usiku kucha. Kaniomba radhi."

"Muulize mti! Muulize alikuwa wapi siku ya mazishi!"

"Kanieleza," dada akasema, na sauti yake ikalainika. "Kakaa kitandani na viatu mguuni. Nimelia mimi. Kumbe miaka yote hiyo nilidhani hakutupenda." Kisha akauliza, "Wewe haya umeyajuaje?"

Mkalimani alitafuta. Alipekua maisha yake yote, tangu povu la sabuni mpaka sahani moja ya jioni, akitafuta jambo moja tu, hata la kipuuzi, ambalo hakuwahi kulisema garini. Hakulipata.

Nyuma ya dada yake ikasikika sauti aliyoifahamu kuliko zote, imeshiba, imelala vizuri. "Nani, dada?"

"Sijui, mtu tu. Nahisi kama analia." Kisha akarudi kwenye simu, na akasema kwa ule upole ambao watu wema huwatunzia wasiowajua: "Pole, baba. Umekosea namba. Usijali, utawapata watu wako."

Simu ikakatika. Alipopiga tena haikupokelewa, wala alipopiga tena.

Mhudumu alikuwa amekwishajaza tangi na kufunga kifuniko. Mkalimani akaingia garini, akawasha injini, akaendelea mbele, kuelekea nyumba ambamo alikuwa amekwisha kufika.