Mkanda wa Koko

Kila alipotoka shule, kabla hata ya kuvua sare, Aurore alimfunga bibi yake mkanda kiunoni. Mkanda huo ulikuwa na kihisi, kidude kidogo kinachojua mtu anapoinua mguu na anapoyumba. Bibi huyo, Koko Nyirahabimana, akiinua mguu vizuri, mtumbwi wa mchezo ulisogea kwenye simu na kunasa sambaza, samaki wadogo wa ziwani. Aliyeuleta mchezo huo ni muganga Drocella wa hospitali, ili miguu ya wazee ikaze na wasianguke ovyo; pia alimwazima Koko fimbo ya kutembelea.

Lakini Koko alikuwa mzito, jamani! Sambaza wote walitoroka.

"Koko, hata bata anakushinda!" Aurore alimcheka. Nje wenzake walikuwa wanamwita wakaruke kamba.

"Ngojea kidogo, mama. Magulu inatetemeka."

Kungoja kulimchosha. Basi akabuni ujanja wa hovyo: alimfungua Koko mapema, akajifunga mkanda mwenyewe, akaenda kuruka kamba nao. Mtumbwi ukajaa pomoni. Koko, ambaye macho yake hayakuweza tena kusoma simu, aliambiwa alama zote ni zake. Maskini, alifurahi mpaka akapiga vigelegele.

Matokeo yalimfikia Drocella kwenye simu yake. Akaja na tabasamu. "Koko, umepata nguvu! Hii fimbo tutapatia muzee mwingine."

"Kweli? Mie nasikia magulu haiko na nguvu."

"Mashine imepima, Koko."

Aurore alisimama pale pale mlangoni. Aliogopa aibu, akaficha ukweli. Fimbo ikaondoka.

Jumapili, wakiteremka ngazi za kanisa, Koko aliyumba, mkono wake ukatafuta fimbo isiyokuwepo, akaanguka. Aurore hatausahau ukelele ule. Nyonga ilivunjika.

Hospitalini Drocella alijilaumu sana kando ya kitanda. Koko akamwambia, "Haiko kosa yako. Magulu yangu iliniambia kweli, mie nikaamini mashine."

Aurore alishindwa kuvumilia. Alisema yote kwa kwikwi.

"Kumbe," Koko alisema, akageukia ukuta.

Drocella hakumfokea. "Mashine haijui kudanganya, Aurore. Ilisema kile wewe uliiambia. Ulitaka muda kidogo wa kucheza, umemunyang'anya Koko miezi ya kutembea. Ungesema siku ile mlangoni, leo angekuwa nyumbani. Kosa linasemwa mapema, kabla halijaumiza muntu mwingine. Na mie pia, siku ingine nitasikiliza muzee kwanza, simu nyuma."

Nyonga ilipopona, fimbo ilirudi, na alama zote zikafutwa. Aurore alipiga magoti, akamfunga Koko mkanda. Mguu ulinyanyuka kidogo tu, ukarudi chini. Sambaza wa kwanza akatoroka. Safari hii Aurore hakucheka.

"Koko, unisamehe."

"Leo magulu ingali inauma," Koko alijibu bila kumtazama. "Ngojea."

Nje wenzake walimwita. Aurore akangoja.