Chokaa Yenye Chumvi

Mwanamke alikuwa amelala kifudifudi chini ya mti wa kumi na saba, na tawi nene kama paja la mtu mzima lilikuwa limemlalia miguuni. Kiatu kimoja hakikuwepo. Jani lilimganda shavuni. Inspekta, mama aliyekuwa amefanya kazi hii miaka mingi, alitamani kulitoa, akajizuia.

"Ajali, afande," alisema Koplo Mwiko, aliyepewa jina hilo kwa urefu na wembamba wake. "Tawi limekatika, limemkuta hapa. Tufunge faili tukanywe chai."

"Chai utakunywa ukistaafu. Nani huyu?"

"Afisa miti wa manispaa. Watu walimwita Bibi Miche. Kutwa na nyundo yake ya mbao, anagonga miti kama anayebisha hodi. Juzi aliwaambia kwenye mkutano kwamba mtaa huu una miti mia moja ya aina moja, na ugonjwa ukiingia kwa mmoja umeingia kwa yote. Anataka aina thelathini tofauti. Alitaka, yaani."

Inspekta aliinua macho. Miavuli, ndivyo watu walivyoiita miti ile. Ilisimama safu mbili, kimo kimoja, mashina yamepakwa chokaa hadi kiunoni kama wanafunzi waliovishwa soksi. Matawi yalikutana juu ya barabara, yakafunika mtaa wote hadi kwenye geti la shule ya msingi. Binti yake alikuwa mle, darasa la tatu. Asubuhi hiyohiyo alikuwa amepita chini ya miti hii akirukaruka.

Daktari wa polisi alipiga magoti kando ya maiti.

"Tawi halijamuua," alisema. "Jeraha liko nyuma ya sikio, la mviringo, dogo kama mdomo wa kikombe. Tawi hili lingemponda. Tena nyweleni hamna hata chembe ya gome. Amepigwa na kitu kama nyundo, kisha mtu akamburutia tawi. Hata saa mbili hazijapita."

"Nyundo yake iko wapi?"

Koplo alitazama kulia, akatazama kushoto. "Haipo."

Mfukoni mwa marehemu mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye kichwa "Mpango wa Upandaji". Koplo alianza kuisoma kwa sauti: mkwaju, mzambarau, mtini, mjakaranda, mwarobaini. Wa tano ulipofika alichoka, akaitia karatasi kwenye bahasha ya vidhibiti.

Inspekta alikuwa ameinama kwenye mzizi. Damu ilikuwa imerukia pale, na juu ya damu palikuwa na matone meupe.

"Koplo, tazama chokaa iko wapi."

"Juu ya damu."

"Kwa hiyo ipi ilitangulia?"

"Alimuua, halafu akakaa akapaka chokaa?"

Kwenye shina palikuwa na kiraka kibichi, kikubwa kama sahani. Inspekta alikikwangua kwa ufunguo. Chini ya weupe ule palikuwa na alama ya msalaba, nyekundu.

Mti wa kumi na nane ulikuwa na kiraka, na chini yake msalaba. Wa ishirini pia. Koplo alivuka barabara mbio na kuanza kukwangua upande wa pili.

"Na huku, afande!" Sauti yake ilipanda kama ya mtoto. "Na huu! Na huu tena! Vinaelekea shuleni!"

Inspekta alirudi kwenye mti wa kumi na saba akaupiga ngumi. Mti uliitika kama pipa tupu. Juu yake kitu kilisaga, polepole, kama mlango usiotiwa mafuta.

"Koplo," alisema bila kupaza sauti, "toka hapo chini."

Walisimama katikati ya barabara, mahali pekee palipokuwa na kipande cha mbingu. Inspekta alitazama kidole chake kilichochafuka chokaa, akakigusisha kwenye ulimi.

"Afande! Hicho ni kidhibiti!"

"Ni chumvi," alisema, akatema, machozi yakimlengalenga kwa ukali wa chokaa. "Nani hutia chumvi kwenye chokaa?"

Mfagiaji wa mtaa, bibi aliyekuwa wa kwanza kuiona maiti, alikuwa ameketi ukingoni na ufagio mapajani. Ndiye aliyejibu.

"Baba Kivuli peke yake, mwanangu. Anasema chumvi inaishikisha, mvua haiitoi. Wenzake wanapaka hivihivi, mvua moja tu imekwisha."

"Baba Kivuli ndiye nani?"

"Mkuu wa bustani. Miti hii yote kaipanda yeye, miaka thelathini na minne. Hata kuikata tawi hakubali mtu mwingine aguse."

Stoo ya bustani ilikuwa banda la mabati lenye harufu ya udongo na mafuta ya mashine. Mzee mmoja mfupi alikuwa akisuuza brashi kwenye ndoo. Msumeno mrefu ulining'inia nyuma yake, mpini wake umelika kwa kushikwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Karibuni. Chokaa ipo, chai hakuna."

Koplo alionekana kuumia kweli.

"Leo umefika mtaa wa shule?" aliuliza Inspekta.

"Sijafika."

"Bibi Miche umemwona lini?"

"Yule mtoto wa juzi? Jana, ofisini."

"Na hilo gunia la chumvi, unapika?"

"Napikia miti." Mzee alicheka, lakini mkono wenye brashi haukucheka. Ulikuwa umesimama ndani ya maji.

Koplo alichukua fimbo akaanza kukoroga pipa la chokaa, taratibu, kama mtu asiye na haraka. Fimbo iligonga kitu. Akavuta, ukatoka mpini, kisha nyundo ya mbao, nyeupe yote. Kichwani mwake ulikuwa umenasa unywele mmoja mrefu. Nyuma yake kilifuata kiatu cha mwanamke, na daftari lake la miti, lililolowa hadi likawa uji.

Mzee aliketi juu ya gunia la chumvi.

"Aliniambia ni mimi," alisema.

"Wewe nini, mzee?"

"Kuna kuvu inakula moyo wa mti. Nje huoni kitu, majani ni mabichi tu. Alisema haikuja na upepo, ilitembea na msumeno wangu. Miaka yote ninapogoa, mti hadi mti, sijauosha hata siku moja. Na miavuli yote ni vipandikizi vya mti mmoja, ule wa getini, kwa hiyo hakuna uliokuwa na kinga. Akasema, 'Mzee, ungechanganya hata aina tatu tu, mingine ingebaki imesimama.'"

"Halafu?"

"Akanipa nyundo nisikilize mwenyewe. Nikagonga. Nikasikia." Alifuta mdomo kwa kiganja cheupe. "Akasema kesho inakuja mashine ya kuikata. Akainama kuokota rangi yake nyekundu, na nyundo ilikuwa bado mkononi mwangu."

"Ukampiga."

"Nikampiga."

"Na alama ukazifuta."

"Zisipoonekana, hiyo mashine ingekata upi?"

Koplo alimtia pingu. Hapo ndipo mabati ya banda yalipoanza kugongana. Upepo wa mchana ulikuwa umeamka.

Ilikuwa saa tano na nusu. Inspekta alimpigia simu Mwalimu Mkuu.

"Asitoke mtoto hata mmoja kwenda mtaa ule!"

"Wote wako madarasani, afande. Ila ule mti mkubwa wa getini umeinamia darasa la tatu. Ni mzima?"

Inspekta alitazama daftari linalochuruzika sakafuni. Jibu lilikuwa mle, na sasa lilikuwa uji. Alimgeukia mzee.

"Wa getini?"

"Ule ndio mama yao. Mzima kabisa. Nakuapia!"

"Utaniapia ukiwa mbele yake. Ingia garini."

Walizunguka kwa njia ya nyuma. Mti wa getini ulikuwa mkubwa kuliko yote, umepakwa chokaa pande zote, hauna kiraka. Matawi yake yalifagia bati la darasa. Ndani watoto walikuwa wakiimba hesabu za kuzidisha. Inspekta alijaribu kuitambua sauti ya binti yake, akashindwa.

Alimpa mzee rungu la polisi. Mzee aliegemeza sikio, akagonga mara tatu, polepole, kama anayembembeleza mtoto mchanga.

"Mzima. Waache ndani."

"Umegonga mzizi. Gonga hapa."

"Hakuna haja."

"Gonga, baba."

Mzee alililalia shina kwa kifua, mikono yake yenye pingu ikibanwa katikati. Hakugonga.

Inspekta alinyakua rungu akapiga kwa nguvu zote. Pipa tupu. Akakwangua: nyeupe, nyeupe tena, tabaka juu ya tabaka, kisha nyekundu.

"Watoeni! Msipite mlangoni, uko chini ya mti! Dirisha la nyuma! Upesi!"

Madawati yalisukumwa ukutani. Mwalimu wa darasa aliwainua watoto mmoja mmoja, Koplo Mwiko akawapokea nje, na kwa mara ya kwanza maishani urefu wake ukawa na faida. Juu ya vichwa vyao mti ulianza kulia, sauti nene inayotoka ndani, na vumbi jeusi likamwagika kutoka kwenye mpasuko wa shina.

"Thelathini na saba! Thelathini na nane!" Mwalimu alihesabu huku akikohoa, akaruka nje na wa mwisho aliyemwona. "Thelathini na tisa!"

"Wako wangapi?"

"Arobaini!"

Inspekta aliingiza kiwiliwili chote dirishani. Binti yake alikuwa chini ya dawati, ameziba masikio. Alimshika kwa sare, akamvuta kama gunia. Walianguka nje pamoja, na mwavuli mama ukaangukia darasa la tatu. Bati lilikunjika kama karatasi.

Inspekta alimpapasa binti yake kichwa hadi miguu, akitafuta jeraha.

"Mama," alisema mtoto hatimaye, "daftari langu limebaki ndani."

Mzee alikuwa ameketi chini, mahali geti lilipokuwa. Alitia mkono ndani ya shina lililopasuka, akatoa konzi ya kitu cheusi, kilaini kama mkate uliolowa. Alikiangalia kikipukutika.

Inspekta alimwachia Koplo mtoto, akachukua bahasha ya vidhibiti. Alikunjua karatasi, akaipita miti yote hadi mstari wa mwisho.

"Ulimuua kwa sababu alitaka kufuta kazi yako."

"Alitaka kuing'oa yote."

"Sikiliza. 'Thelathini: mwavuli, mmoja, kwa mbegu, si kwa kipandikizi. Pale getini. Aupande Baba Kivuli kwa mkono wake.'"

Mzee alikunja kiganja juu ya ule weusi.

"Hakukuambia?"

"Alikuwa bado anasema," alijibu. "Alisema, 'Lakini mzee wangu...' Sikumwacha amalize."