Nyuma ya Pakiti

Fundi cherehani alikuwa amejipa kazi moja: kuishusha sukari ya mumewe, seremala. Tangu daktari aseme ni kisukari, soda ilipigwa marufuku nyumbani. Seremala alilalama kidogo, kisha akakubali yaishe.

Badala ya soda, mkewe alimnunulia juisi ya boksi iliyoandikwa kwa herufi kubwa za kijani, "Haikuongezwa Sukari". Akamnunulia na biskuti za "ngano nzima", zenye picha ya moyo mwekundu. Seremala alikunywa na kula bila wasiwasi.

Lakini mwili haukutaka kutengemaa. Kiu haikumwisha, na vidole vya miguu vikaanza kufa ganzi. Walipokwenda kliniki, sukari ilikuwa imepanda. Njia nzima fundi alimshutumu mumewe kwamba anakula vitamu kwa siri. Seremala aliapa kuwa hajagusa kitu. Wakafika nyumbani wamenuniana.

Jioni hiyo dada yake seremala, ambaye ni muuguzi, alikuja kumjulia hali. Alipokaribishwa juisi, alilishika boksi akalisoma ubavuni.

"Wifi, kaka anakunywa hii kila siku?"

"Hiyo haina sukari. Si imeandikwa hapo mbele?"

"Wameandika haikuongezwa. Hawakuandika haina. Matunda yana sukari yake, na ukiyanywa yakiwa juisi, inapanda haraka kwenye damu."

Kisha akageuza pakiti ya biskuti. Akamweleza kuwa viambato huandikwa kwa mpangilio: kinachotangulia ndicho kilicho kingi. Fundi akafuata kwa kidole. Unga mweupe ulitangulia, sukari ikafuata. Chini kidogo palikuwa na glukosi, ambayo muuguzi alisema ni sukari hiyohiyo kwa jina jingine. Ngano nzima ilikuwa karibu na mwisho, jirani na chumvi.

"Kwa hiyo wamenidanganya?"

"Mbele wametangaza biashara yao, wifi. Mengine umejazia mwenyewe."

Fundi aliiweka pakiti mezani. Halafu akamgeukia mumewe. "Baba watoto, nilikusingizia. Nisamehe."

"Nimekusamehe," alisema seremala. "Basi nirudishie soda yangu."

Wote wakacheka, lakini soda hakupewa.

Kesho yake fundi alikwenda dukani. Muuza duka alimsifia uji mpya wa pakiti, eti ni wa "asili kabisa". Fundi aligeuza pakiti, akasoma taratibu. Nyuma yake watu walianza kusonya. Hakubabaika. Alipokuta sukari ndiyo inayoongoza, aliirudisha rafuni, akanunua maharage, mboga za majani na machungwa ya kula mazima.

Seremala akaendelea na dawa zake, akila hivyo. Kwenye vipimo vilivyofuata, sukari ilikuwa imeshuka. Daktari aliridhika, ila akawaonya wasilegeze kamba.

Wakiwa njiani kurudi, seremala aliingia dukani kununua maji. Mkewe alimsubiri nje. Akasubiri, akasubiri, mwisho akachungulia mlangoni. Mumewe alikuwa amesimama katikati ya duka, pakiti ya biskuti imegeuzwa mkononi, akimsomea muuza duka kwa sauti, neno baada ya neno.