Plagi za Walioridhika

Msikizi, mashine ya ukutani, alishusha sikio lake la shaba juu ya injini, akatulia kidogo, kisha akasalimu kwa Kinyakyusa, kwa sauti ya mwanamke, "Ugonile, Mwalimu Ipyana. Rota yako ya pili inameza oili, na leo injini imekohoa sana kabla ya kuwaka. Nikuchagulie plagi?"

Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Kikohozi cha injini walikuwa wamekizoea. Kilichowachekesha ni ile sauti. Kila mtu pale uwanjani aliijua. Ilikuwa sauti ya Lugano, mdogo wake Ipyana, ambaye mwenyewe alikuwa amesimama hapo hapo kando ya kaka yake, akijifanya anakagua waya.

"Mdogo wangu siku hizi yuko ukutani," Ipyana akawaambia wenzake. "Nyumbani ananipangia chakula, huku ananipangia plagi. Sasa mimi niende wapi?"

Enzi hizo Mbeya ilikuwa mji wa watu wanaoruka. Barabara ya kushuka Tukuyu ilikuwa imeachiwa malori yanayojiendesha, marefu kama treni, na mtu anayejipenda hakuingiza gari katikati yao. Ndege kubwa za umeme zilipita juu kabisa zikielekea kwenye miji yenye nafasi yake, wala hazikujisumbua kutua. Basi watu wakajijengea za kwao. Ukumbi wa shule, banda la ng'ombe, ua wa kanisa, kote ulikuta mbawa zimeegemezwa ukutani zikisubiri kupakwa rangi. Na karibu zote zilikuwa na injini ya rota, iliyonyweshwa spiriti ya miwa.

Injini hiyo haina pistoni. Ndani yake mna chuma cha pembe tatu, ndiyo rota yenyewe, kinachozunguka ndani ya chumba chake bila kupumzika, na kwenye kila ncha pana sili nyembamba inayofuta ukuta wa chumba ili moto usivuje. Ni nyepesi, haitikisiki, inafaa sana kubeba mtu angani. Ila ina ugonjwa mmoja wa kuzaliwa nao: huunguza oili yake yenyewe, na oili hiyo huchafua plagi.

Hapo ndipo palipokuwa na ugomvi wa kila siku. Plagi ya baridi hupoa haraka, kwa hiyo ukiwa chini unasubiri kuruka, hushika masizi, injini ikamisi na watu wakakucheka. Plagi ya moto hukaa na joto lake nchani, ikayachoma masizi yote, injini ikawaka kwa mguso mmoja. Lakini ndege si gari la mjini. Ikianza kupanda hukazana kwa nguvu zote bila kupumua, na ncha ya plagi ya moto inaweza kuiva ikawa nyekundu, ikawasha spiriti kabla ya wakati wake. Moto ukiwaka mapema, sili huvunjika. Na sili zikivunjika huko juu, hakuna pa kuegesha.

Zamani kila mjenzi alijichagulia kwa kusoma plagi. Ipyana, aliyefundisha umakanika chuoni miaka mingi, alikuwa na trei ya mayai kwa kazi hiyo. Akishuka tu alifungua plagi zake nne, akazipanga kwenye vishimo vya trei kwa mpangilio wa zilivyokaa kwenye injini, akazitazama rangi. Za kahawia kama chai ya maziwa zilikuwa na afya. Nyeusi zenye mafuta zilikuwa baridi mno. Nyeupe zenye malengelenge zilikuwa za kuogopwa. Alikosea pia, tena mara nyingi, na mara mbili alikwama uwanjani Kyela huku watoto wa shule wakimsukumia ndege.

Ndipo kampuni aliyoajiriwa Lugano ilipomleta Msikizi. Alikuwa akili unde iliyowekwa ukutani katika kila uwanja mdogo, na zote zilikuwa na kumbukumbu moja. Alisikiliza injini, akakumbuka kila injini aliyowahi kuisikia, akakumbuka plagi zipi zilitumika na wenyewe walisemaje baadaye. Lugano ndiye aliyemfundisha, akampa na sauti yake. Alijivunia kazi ile waziwazi, na kaka yake alijivunia zaidi yake.

Droo ya Msikizi ikafunguka. Plagi nne mpya zilikuwa zimelala ndani yake. Ipyana akaokota moja, akaigeuza kwenye mwanga.

"Hizi ni za moto, Luga."

"Ndiyo, kaka."

"Na ndizo za kupandia mlima Rungwe?"

"Msikizi amesikiliza injini nyingi kuliko gereji zote za nchi hii. Wenye injini kama yako, waliofunga hizo, wameridhika."

"Wote?"

"Wote. Wanaolalamika ni wa plagi za baridi. Kila siku wanatupigia kelele."

Ipyana akacheka, maana hata yeye alikuwa mmoja wa wapiga kelele. Keshoye alikuwa anakwenda Kyela kumchukua mama yao, aliyekuwa na ahadi na daktari wa macho. Hakutaka mama huyo, ambaye ndege aliiogopa kuliko kisu cha daktari, asikie injini ikikohoa kabla ya kuruka.

"Haya. Kama umeshasema wewe, mimi ni nani," akasema, akazitia mfukoni.

Asubuhi injini iliwaka kwa mguso mmoja. Lugano alikuwepo. Alimwona kaka yake akimwonyesha dole gumba kupitia dirishani, akamwona akipanda kuelekea ukungu wa Rungwe, na moyo wake ulikuwa mweupe kabisa. Kule Kyela mama alikaa uwanjani na kikapu chake mapajani, amevaa kitenge kipya, hadi jua likamhamisha kivulini, hadi watu wakaja kumwinua kwa mikono miwili.

Ndege iliangukia mashamba ya chai ya Tukuyu. Mashine za kuchuma chai ziliiona, zikaihesabu kuwa ni jiwe, zikaizunguka na kuendelea na mistari yao. Walipofika watu, majani yote kuizunguka ndege yalikuwa yameshachumwa vizuri.

Lugano aliomba afungue plagi kwa mkono wake. Wazee wa ukoo hawakupenda, lakini hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumkatalia. Akaleta trei ya mayai, akazipanga kama zilivyokaa. Zilikuwa nyeupe. Moja ilikuwa na malengelenge, na mbili ncha zake ziliyeyuka zikawa kama machozi ya mshumaa. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa Ipyana angeweza kuzisoma.

Siku ya pili ya msiba, wanawake wakiwa wamejaa sebuleni juu ya mikeka, simu ya marehemu ikalia kabatini. Lugano akaifungua ili ainyamazishe, ikawahi kusema kwa sauti ya Lugano mwenyewe, "Mwalimu Ipyana, plagi zimekufaa? Sema ndiyo au hapana."

Mama yao, aliyekuwa amelaza kichwa ukutani, akafumbua macho. "Luga, unaongea na nani?"

Lugano aliisogeza simu mdomoni, akasema, "Hapana."

"Samahani," simu ikasema kwa upole, "nahitaji kusikia sauti ya mwenye injini."

Aliizima, akaenda kukaa nyuma ya nyumba kwenye kuni, na huko alilia kilio ambacho hakukilia makaburini.

Siku ya kuanua matanga, kama ilivyo desturi, vitu vya marehemu viligawanywa, deni na dai vikatangazwa, na baba mdogo akaenda kuifunga laini ya simu ili isije ikachezewa na matapeli. Jioni ile Lugano alifungua kumbukumbu za Msikizi, atafute alama ya kaka yake. Aliikuta haraka. Injini ya rota mbili, Mbeya, plagi za moto. Na mbele yake neno moja: ameridhika.

Alilisoma akadhani amekosea mstari. Akalisoma tena. Halafu akakikumbuka kikao.

Kilikuwa kikao cha kawaida, chenye chai na sambusa. Mtu aliuliza, tufanyeje na wale wasiojibu kabisa, ambao mwishowe laini zao zinafungwa? Wakacheka wote. Watanzania na laini za simu, nani asiyewajua? Leo ana hii, kesho kapata ya ofa, ile ya jana kaitupa. Mwingine akaongeza kwamba watu wetu wakiudhika utawasikia mpaka mtaa wa pili, wakifurahi wananyamaza. Basi ikapitishwa: Msikizi amuulize mtu mara kwa mara, na laini ikifungwa bila lalamiko, ahesabiwe kuwa ameridhika. Lugano aliinua mkono pamoja na wenzake, maana ilikuwa busara tupu. Hakuna aliyewaza laini ya mtu hufungwa siku gani nyingine.

Akawatafuta walioridhika na plagi za moto. Walikuwa Mbeya, Njombe, Songea, Sumbawanga. Akampigia wa kwanza: namba unayopiga haipatikani. Wa pili, hivyo hivyo. Wa tatu. Akaendelea kushuka orodha. Kisha akajaribu namba za ndugu wa karibu, na huko Njombe mwanamke mmoja akapokea.

"Samahani mama, namuulizia Bwana Mgaya. Ilikuwa kuhusu plagi za ndege yake."

"Mwanangu, huyo tulimzika wakati wa kupalilia," mwanamke akasema. "Kwani alikuwa anadaiwa?"

"Hapana, mama. Hadaiwi. Pole sana."

Kila kitu kikawa wazi, na ubaya wake ulikuwa mwepesi kueleweka kuliko hesabu za mtoto. Mwenye plagi za baridi alikwama uwanjani, akakasirika, akapiga simu. Alikuwa hai, ndiyo maana aliweza kukasirika. Mwenye plagi za moto akapaa vizuri, na wengine wakarudi vizuri, na wengine hawakurudi, na wasiorudi ndio walioridhika kuliko wote. Msikizi hakudanganya mtu. Alijifunza alichofundishwa: dawa ya malalamiko ni plagi ya moto.

Alimpigia mkuu wake, Bwana Kasyupa, kabla hajajifuta uso.

"Pole sana, dada. Msiba mzito huu," Kasyupa akasema, na alimaanisha. "Hoja yako ni nzito pia. Tutaiweka kwenye kikao kijacho."

"Mzime leo, bosi. Watu wanaruka kesho asubuhi."

"Kumzima nchi nzima kwa neno la mfiwa? Itasemekana ni uchungu tu. Wewe pumzika kwanza. Na tumeifunga njia yako ya kuingilia mitambo, usichukie, ni utaratibu kwa mtu aliye msibani."

Lugano alikata simu bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu mzima maishani mwake.

Asubuhi akaenda uwanjani na trei ya mayai mikononi. Foleni ilikuwepo kama siku zote. Mbele yake alisimama Nsajigwa, rafiki wa Ipyana tangu utotoni, aliyebeba jeneza kwa bega lake. Injini yake na ya Ipyana zilikuwa mapacha. Walizinunua pamoja, wakazisuka katika banda moja. Msikizi alikuwa ameshaisikiliza, na droo ilikuwa wazi.

"Nakushauri hizi," sauti ya Lugano ikasema kutoka ukutani, changamfu, haijalia hata mara moja. "Mwenye injini kama yako, hapa hapa Mbeya, alifunga hizi hivi karibuni. Ameridhika."

Nsajigwa akageuka, akamwona, akatabasamu tabasamu la msibani. "Umesikia, mdogo wangu? Angalau kazi yako inatusaidia. Hata mimi zangu zinanikohoza mpaka aibu."

"Kaka Nsajigwa, huyo aliyeridhika ni Ipyana."

Nsajigwa hakuelewa. Lugano akamwonyesha trei. Yule bwana aliinama, akazitazama zile plagi nne nyeupe kwa muda mrefu, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio waliofundishana na rafiki yake. Kisha akaziacha zile mpya kwenye droo, akaisukuma polepole ikafunga, akaenda kukaa chini ya bawa la ndege yake akiwa amejifunika uso.

Lakini foleni haikuondoka. Lugano akasimama kati ya mashine na watu, akaanza kueleza: laini zilizofungwa, kaburi la Njombe, neno ameridhika. Baadhi walimsikiliza. Baadhi walinong'onezana kwamba maskini, kafiwa juzi tu, akili bado haijakaa sawa. Kila alipovuta pumzi, ukuta nyuma yake ulisema, "Karibu. Nikuchagulie plagi?"

Kijana mmoja mgeni, aliyetoka Sumbawanga na kitoto chake amekifunga kwenye kiti cha nyuma cha ndege, akasogea mbele. Hakumjua Lugano wala habari zake. Alimtazama yeye, akautazama ukuta, akamtazama yeye tena.

"Samahani, dada," akasema kwa adabu. "Nimsikilize nani hapa? Maana naona sauti ni ile ile."

Lugano akafungua kinywa, akaiogopa sauti itakayotoka. Akakifunga. Akamnyooshea yule kijana trei ya mayai, aitazame mwenyewe.