Bomba la Bwana Mwendo

Nilikwenda kufuata jeki yangu, basi. Jua lilikuwa linazama, nimeshafunga gereji, mikono bado inanuka grisi. Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, aliiazima kwa siku mbili akakaa nayo wiki tatu. Ndivyo alivyo. Ni mtu aliyejifunza magari kwa kuyatazama kwenye simu. Mimi nimelala chini ya magari miaka kumi na tisa, lakini kwake mimi ni mwanamke mwenye spana, na mwanamke mwenye spana ni kichekesho. Mtaani walimwita Bwana Mwendo. Jina hilo alijipa mwenyewe.

Nikamkuta uani, boneti iko wazi, anachekelea kama mtu aliyejaliwa mapacha.

"Shemeji, njoo uone kitu ambacho huko gerejini kwako hamjawahi hata kukiota."

Nikachungulia. Alikuwa ameng'oa boksi zima la chujio la hewa, lile lililobuniwa na watu waliosoma, akalitupa ukutani kama ganda la ndizi. Mahali pake kaweka bomba nene la chuma, rangi ya majivu, na mwishoni chujio lenye umbo la pia ya kuchezea watoto.

"Injini ilikuwa imebanwa," akasema. "Sasa inapumua."

"Inapumua nini? Umeiweka pua yake juu ya moto. Hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo injini inapata kidogo kuliko mwanzo. Ulichoongeza ni kelele."

"Wivu huo."

Nilicheka. Nikaligusa bomba ili nimwonyeshe lilivyochemka.

Lilikuwa baridi.

Alikuwa ametoka kuliendesha gari dakika ile ile. Injini yenyewe ilikuwa inaunguza. Lakini bomba lilikuwa la baridi, limelowa jasho, na lilinuka... Si mafuta. Si mpira. Lilinuka mdomo wa mgonjwa asubuhi.

"Umelitoa wapi?"

"Nilipewa. Mzee mmoja kule kwenye vyuma chakavu. Anakohoa, maskini, hata kusimama hawezi. Aliniuliza tu kama naishi na mtu."

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia nina mke." Akacheka. "Basi, akanikabidhi. Na papo hapo kikohozi kikakata! Akaondoka anatembea kama kijana."

Mtu mwenye akili angelitupa pale pale. Yeye aliona nyota yake imewaka. Na mimi? Mimi niliwadharau wote wawili, mzee na yeye. Nilikuwa nikisema siku zote kwamba uchawi ni wa watu wasiojua kufunga nati.

Akaingia garini, akawasha, akapiga resi.

Hhhhhhhh...

Sauti ya hewa bombani naijua. Hii haikuwa hiyo. Ilianza polepole, ikapanda, ikakwama juu, kama mtu anayevuta pumzi na hataki kuishusha.

Ndani ya nyumba sahani zikaanguka.

Nilimkuta mdogo wangu kwenye sakafu ya jikoni, ameshika koo, macho yamemtoka, midomo imekuwa ya zambarau. Huyu alikuwa mkimbiaji shuleni. Hata mafua yalikuwa yanamkimbia. Nikapiga magoti, nikamwinua kichwa. Huko nje shemeji akaachia pedali ya mafuta.

Mdogo wangu akavuta hewa.

"Imeanza lini?" nikamnong'oneza.

"Tangu Jumatatu... Akiwasha tu, dada. Nikimwambia... anasema najidekeza."

Bwana Mwendo akasimama mlangoni, ufunguo wa gari unaning'inia kidoleni. "Pumu hiyo. Mlete. Kwa gari hili hospitali ni dakika tano."

Nilipaswa kukataa. Nilijua kitu, ila kiburi kilinizuia kukiita kwa jina lake. Tukampakia. Nikakaa nyuma, kichwa chake mapajani mwangu.

Shemeji akakanyaga mafuta.

Kifua cha mdogo wangu kikazama.

Akaachia kwenye kona. Kifua kikainuka.

Akakanyaga tena. Kikazama, mbavu zikahesabika juu ya gauni.

"Punguza!"

"Mtu anakufa, shemeji! Nipunguze vipi?"

"Ondoa mguu! Wewe ndiye unayemmaliza!"

Akazidisha. Barabara mbele ilikuwa imenyooka, taa za madukani ndiyo kwanza zinawashwa. Nikaona uso wake kwenye kioo. Ule haukuwa uso wa mtu ambaye mkewe anakata roho. Alikuwa anatabasamu.

"Unaisikia," akasema, "inavyovuta?"

Nikajirusha katikati ya viti nikavuta breki ya mkono. Gari likaserereka, likageuka ubavu, likasimama ukingoni mwa mtaro. Nikazima, nikachomoa ufunguo. Injini ikafa.

Ile sauti haikufa.

Hhhhhhhh...

Nikashuka, nikafungua boneti. Bisibisi haitoki mfukoni mwangu hata nikienda harusini. Nikalegeza kibano cha kwanza kilichoshika bomba. Vidole vilikuwa vinakufa ganzi kwa baridi. Nikalegeza cha pili.

"Dada..."

Nikageuka. Mdogo wangu alikuwa kwenye kiti cha nyuma, mdomo ameufumba.

Sauti ilikuwa imetoka bombani.

"Dada... humu tuko wengi."

Sikumbuki kama nilipiga kelele. Nakumbuka nilishika kwa mikono miwili, nikavuta, na kiganja changu kikanasa mdomoni mwa bomba kama kimenyonywa. Nikavuta hivyo hivyo. Ngozi ikabaki huko. Bomba likang'oka, na pumzi ikanipiga usoni, ya moto, ndefu, ya watu wengi kwa pamoja.

Nyuma yangu mdogo wangu akakohoa. Akalia. Sijawahi kusikia kilio kitamu namna ile.

Nikalitupa lile dude mtaroni. Shemeji alikuwa ameketi kwenye lami, kichwa mikononi. Nikadhani, hatimaye, ubinadamu umemrudia. Akainua macho.

"Vibano hujavivunja, lakini?"

Nilimtemea mate. Sijuti.

Kesho yake nilikwenda kwenye vyuma chakavu. Walimjua yule mzee. Nyumba yake ilikuwa na watu saba, walisema, wakaisha mmoja mmoja, wote kwa kifua. Alipobaki peke yake, naye akaanza kukohoa. Bomba alilipata kwa nani, hakuna aliyejua, na yeye hajaonekana tena. Nikarudi hadi ule mtaro nikalichome moto. Nikakuta majani yamelala, yamepauka, lakini bomba halikuwepo.

Mdogo wangu sasa anaishi kwangu. Ni mzima. Kwa mumewe harudi, na gari hapandi.

Juzi nikasikia kwamba Bwana Mwendo amemleta mama yake mzazi akae naye, ampikie. Alasiri ile ile nikafunga gereji nikaenda, nyundo mkononi, sikujali nani ananitazama. Uani hapakuwa na gari. Nikabisha hodi. Nikasubiri sana. Mlango ukafunguka kidogo, mama wa watu akajishikiza kwenye fremu kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama. Mwanao yuko wapi?"

Akafungua mdomo. Akaweka kiganja kifuani, akainua kidole kimoja kuniomba nisubiri.

"Ngoja, mwanangu..." akanong'ona. "Ngoja... nipate pumzi."

Nikamdaka kabla hajafika chini. Mahali fulani mjini, yule mpumbavu alikuwa anakanyaga mafuta.