Kopo la Mawazo

Mama Makala alikuwa anakamua shuka la pili pale wifi yake alipoingia uani akihema.

"Wifi, kaka ameanguka kutoka juu ya paa, huko kazini. Amevunjika mguu. Wanamfunga plasta, jioni watamleta."

Mama Makala hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Mguu upi?"

"Wa kushoto. Kwani vipi?"

Shuka lilimponyoka. Asubuhi ile alikuwa amepeleka gazetini makala yake ya kila wiki: namna ya kumuuguza nyumbani mtu aliyevunjika mguu. Na bila kujua kwa nini, aliandika wa kushoto.

Alifuta mikono akaingia jikoni. Juu ya kabati kulikuwa na kopo la maziwa ya unga. Kwa miaka sita kila jambo lililomuudhi au kumshangaza aliliandika kwenye kikaratasi, akalitia humo. Siku ya kuandika alikuwa akichomoa kimoja. Lakini mwaka huu kazi zilimzidi, akawa anachomoa bila kutia, na wiki iliyopita mkono wake uligusa bati tupu. Kwa hasira aliligonga kopo mezani akasema, "Awe mtu, awe jini, mwenye wazo alete!"

Kesho yake alikuta kikaratasi. Kilikuwa na unyevu, kinanuka nywele zilizoungua. *Kuondoa harufu ya moshi jikoni.* Mwandiko ulikuwa wake, akadhani alikiandika akasahau. Siku alipoipeleka makala hiyo gazetini, pazia la jikoni lilishika moto. Kilichofuata kilikuwa cha mguu.

Sasa alifungua kifuniko. Cha tatu kilikuwa kinamsubiri.

*Kupakua chakula mmoja wenu akishapungua.*

"Mwanao mdogo amerudi kutoka shule?" alinong'ona wifi, aliyemfuata jikoni na kukisoma begani mwake.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na nusu. Kitinda mimba hurudi saa nane.

Kifungua mimba alitumwa kumtafuta mdogo wake, na wifi akakimbia kumwita mganga wa mtaa wa pili, mwanamke mnene mwenye miwani iliyoungwa kwa gundi. Alinusa kopo akarudi nyuma hatua moja.

"Hukutupiwa jini, mwanangu. Umeliajiri mwenyewe."

"Nikalitupe jalalani?"

"Ukilivunjia nyumba litahamia kwenye yako. Lijaze. Litie mawazo yako mwenyewe mpaka likose pa kukaa."

"Ningekuwa nayo ningeliita?"

"Leo umefanya nini?"

"Nimefua."

"Kipi kimekuudhi?"

"Sabuni imeisha kabla ya mashuka."

"Andika. Jirani kakuuliza nini wiki hii?"

"Eti kwa nini mchele wake una wadudu na wangu hauna."

"Andika! Wewe wifi mtu, usisimame kama mwiko. Kuna kitu gani humu ndani hujui kukifanya?"

"Hesabu za shule za hawa watoto wa kaka zinanishinda."

"Andika!"

Kopo lilianza kugongwa kutoka ndani, polepole kwanza, kama ukucha juu ya bati, kisha kwa haraka, na kila kikaratasi kilichoingia kilitoa mlio wa kitu kinachokanyagwa, na harufu ya nywele ikapanda mpaka machozi yakawatoka wote watatu, na kutoka chini kabisa, chini ya sabuni na mchele na hesabu, ikaja sauti ya Mama Makala mwenyewe, ya uchovu, ikisema kwa upole, "Pumzika. Mimi ninalo," naye hakuinua kichwa, aliandika juu ya bomba linalovuja, juu ya mume anayeuliza chumvi iko wapi ilhali iko mbele yake, juu ya soksi zisizopata jozi, mpaka kifuniko kikakataa kufunga.

Kugonga kulikoma.

Mlango wa uani uligongwa. Kifungua mimba alikuwa amemshika mkono mdogo wake, mguu mmoja peku.

"Kiatu kilitumbukia mtaroni," kitinda mimba alisema. "Nilikuwa nakiopoa kwa kijiti. Utanichapa?"

Mama Makala alimnusa nywele. Zilinuka vumbi na jua. Hakumchapa.

Mganga alikuwa ameshakwenda zake. Mume aliletwa giza likiingia, akalalamika njia nzima kutoka mlangoni hadi kitini. Wifi alipakua wali na maharage. Mama Makala aliwahesabu kwa kuwagusa vichwa: mume, wifi, kifungua mimba, kitinda mimba, na yeye. Watano. Sahani tano.

"Chumvi iko wapi?" mume aliuliza.

"Mbele yako," walijibu wote.

Kitinda mimba alicheka, kisha akasema, "Mama, kiatu kimoja kikipotea, kile kingine mtu anakifanyia nini?"

Lilikuwa wazo zuri. Mama Makala aliliandika, akanyanyua kifuniko ili alisindilie juu ya mengine.

Hakuhitaji kusindilia. Vikaratasi vilikuwa vimeshuka upana wa vidole vinne, na vile vya juu vilikuwa na unyevu pembeni, vimemung'unywa.

Alitia kikaratasi, akafunga, akarudi kukaa.

"Kuanzia leo," alisema, "hakuna kulala kabla hujaniambia kitu kimoja kilichokuudhi. Kila mtu. Kila siku."

Kisha akawahesabu tena.