Chakula Laini cha Twaibah

Nyumbani kwetu Mpumudde, siku huanza na jiko la makaa. Baada ya sala ya alfajiri nalitoa barazani, nalipepea kwa kipande cha boksi, kisha nateleka uji wa wimbi. Uji ukianza kutokota namwita mjukuu wangu.

"Twaibah! Unalala kama mheshimiwa bungeni!"

"Nimeamka, Jajja," hujibu kutoka ndani. Jajja ndivyo wajukuu wa kwetu wanavyomwita babu au bibi. Lakini sauti yenyewe huwa ni ya mtu ambaye bado amejifunika shuka.

Zamani kazi hii haikuwa yangu. Mwenye jiko alikuwa marehemu mke wangu, Khainza, Mmasaba wa Mbale. Wakati huo kiwanda cha nguo hapa Jinja kilikuwa kinanguruma mchana na usiku, nami nilikuwa fundi wa mitambo. King'ora cha chakula kikilia, tulikaa chini ya ukuta, Wasoga, Wamasaba, Wacholi, Waluo, tukisemezana kwa Kiswahili chetu cha kiwandani. Khainza alikuwa ananifungashia viazi vitamu, maharage na dodo, yale majani ambayo wengine huyaita mchicha. Wenzangu walifunua bakuli langu kabla sijanawa mikono! Kisha wakubwa wakakila kiwanda mpaka misumari, wakatuacha tunatazama mageti. Khainza naye akaondoka, Mungu amrehemu. Nikabaki mimi, jiko, na mtoto huyu ambaye wazazi wake wako Kampala wakitafuta riziki.

Basi nikawa napika kama nilivyomwona Khainza akipika. Twaibah alikunywa uji asubuhi, akabeba bakuli lake shuleni, jioni akalirudisha tupu. Nilifurahi kuona bakuli tupu. Niliona kama Khainza bado yupo.

Twaibah alipofika darasa la sita, Mwalimu Geresom, mwalimu wa michezo, aligundua kwamba ana miguu ya mbio. Alimchagua kukimbia mita mia nane katika mashindano ya shule ambayo mwaka huo yangefanyika Mbale. Mtoto aliruka mpaka akagonga kichwa mlangoni. Mbale ni kwao bibi yake! Kila jioni alikuwa akiniuliza habari za huko, nami nikimweleza jinsi tulivyokuwa tukipanda gari moshi, Khainza akiwa dirishani, mlima wa Wanale ukijitokeza mbele yetu. Siku hizi watoto wanaziona reli tu zikiota majani. Nani alizitelekeza? Msiniulize mimi, waulizeni walio ofisini.

Kumbe shuleni kulikuwa na jambo nisilolijua. Rafiki yake Brendah, ambaye mama yake hukaanga chapati kando ya barabara, alikuwa anakuja na chapati zilizoviringishwa na mayai, biskuti na soda. Twaibah alipofunua bakuli lake wenzake walicheka.

"Twaibah, leo umebeba shamba la nani?" Brendah alimuuliza siku moja.

Siku hiyo nilikuwa nimempikia malewa, yale machipukizi ya mianzi yanayokaushwa kwa moshi kule Mlima Elgon, kwa mchuzi wa karanga. Orpah, dada wa Khainza, huyatuma kutoka Mbale kila anapopata mtu wa kumpa.

"Na hivi vijiti ni mboga au kuni za mwalimu?"

Darasa zima liliangua kicheko. Tangu siku hiyo Twaibah akawa anawamwagia mbuzi wa askari wa lango chakula chake chote, kisha anakula chapati na Brendah. Jioni ananiletea bakuli tupu, anasema, "Kilikuwa kitamu, Jajja."

Kulikuwa na jambo lingine pia. Vyoo vya wasichana shuleni vilikuwa vimejaa, na vile vipya havikuwa na milango. Kibao cha wakubwa kilisimama hapo tangu mwaka uliopita kikisema ujenzi unaendelea. Kilichoendelea ni kibao. Kwa hiyo wasichana wengi walijizuia mpaka wafike nyumbani, na ili wasibanwe, waliacha kunywa maji. Twaibah alikuwa anakimbia juani bila kunywa hata kikombe.

Haikuchukua muda tumbo likaanza kumsumbua. Lilijaa gesi, likawa gumu kama ngoma. Akawa anasusia uji, analalamika kichwa, anatembea ameinama. Nilimuuliza, "Unaenda choo vizuri?"

"Naenda, Jajja. Kila siku."

Aliangalia chini aliposema hivyo, nami nikadhani ni adabu. Bibi yake asingeuliza. Angemtazama tu mtoto akitoka chooni akajua.

Mama Brendah alipopita akienda kununua makaa nilimweleza. Alimtazama Twaibah mara moja tu.

"Mzee Mutwalibu, hivyo ni vidonda vya tumbo. Mimi ninavyo, navijua."

"Vidonda? Mtoto huyu?"

"Siku hizi kila mtu anavyo! Sasa sikiliza. Maharage mwachishe. Majani mwachishe, viazi vitamu pia. Vitu hivyo vinakwangua vidonda. Mpe chakula laini: mkate mweupe na maziwa, wali mweupe, chapati ya maji. Atapona."

Huku kwetu mtu akishika tumbo tu, majirani wote ni madaktari na ugonjwa ni huo mmoja. Nami nikafuata. Uji wa wimbi nikauacha. Asubuhi mkate mweupe, mchana chapati, jioni wali. Mgonjwa wangu alifurahi kuliko mtu mwenye afya! Mbuzi wa askari ndio walioanza kulia njaa. Lakini tumbo liliendelea kuvimba.

Mwalimu Geresom akamwita pembeni. "Twaibah, unakimbia kama umebeba gunia. Ijumaa nafunga majina ya timu. Kama hujapata nafuu, Brendah atakwenda Mbale badala yako."

Maneno hayo yalimchoma. Siku iliyofuata alikimbia kwa hasira, akaongoza mzunguko wa kwanza. Katika mzunguko wa pili alishika tumbo, akakaa chini katikati ya uwanja akilia. Mwalimu alimleta nyumbani kwa bodaboda, mtoto akiwa katikati yao kama mzigo wa ndizi. Nilipanda nyingine, tukaenda kituo cha afya.

Tulikaa kwenye benchi mpaka mgongo wangu ukasahau kunyooka. Hatimaye tukaitwa na nesi mmoja, Sista Santa, mwanamke mrefu wa kutoka Kaskazini, aliyeletwa Jinja na kazi ya mumewe, askari magereza.

"Tumbo linauma wapi, mama?" alimuuliza Twaibah.

"Hapa chini."

"Ni vidonda vya tumbo," nikadakia. "Tunampa chakula laini."

"Nani alimpima, Mzee?"

"Jirani."

Santa hakucheka, lakini mashavu yake yalijaa. Alimlaza Twaibah, akambonyeza taratibu. "Unaenda choo?"

"Kila siku."

"Mkono wangu unaniambia vingine." Akanigeukia. "Mzee, tafadhali nenda kaniletee maji ya kunywa pale bombani. Usiharakishe."

Nilielewa kwamba ninafukuzwa. Nikaenda. Niliporudi, Twaibah alikuwa anajifuta machozi.

"Mwambie babu mwenyewe," Santa alisema. "Usiogope, hatakumeza."

Twaibah alizungumza akitazama vidole vya miguu yake. "Jajja, nilikudanganya. Siendi choo kila siku. Wiki nzima inaweza kupita. Na nikienda naumia mpaka nalia. Niliona aibu kukuambia. Na chakula chako... nilikuwa nawapa mbuzi wa askari. Wenzangu walikuwa wananicheka."

"Hata malewa?"

"Hata malewa."

Nilikaa. Orpah hupanda mpaka soko la mlimani kuyatafuta malewa hayo kwa ajili yetu. Khainza alikuwa akiyapika, nyumba nzima ikinukia moshi wa kwao, na yeye akiimba. Na sasa mbuzi! Nilitaka kusema neno kali, lakini nilimwona mtoto alivyokunjamana juu ya kile kitanda, nikampa yale maji anywe.

Sista Santa alivuta kiti. "Vidonda vya tumbo vipo, lakini hupimwa, havikisiwi njiani. Huyu choo kimegandamana tumboni. Utumbo unasukuma chakula mbele, na ili usukume vizuri unahitaji nyuzinyuzi zilizomo kwenye maharage, majani, wimbi, matunda. Nyuzi hizo hushika maji, choo kinakuwa laini. Mkate mweupe na chapati ni laini mdomoni tu. Ndani hazina nyuzinyuzi za kutosha. Maji hanywi, choo anakizuia mchana kutwa, kinakauka kama tofali."

"Kosa ni la wakubwa!" nikapaza sauti. "Wamejenga vyoo bila milango! Wanakula pesa, watoto wetu wanaugua! Wakati wetu—"

"Mzee," alinikata bila kuinua sauti yake, "vyoo ni kosa lao. Nenda ukawapigie kelele, mimi nitakusindikiza. Lakini mkate mweupe ulio mezani kwako haukuletwa na diwani."

Mwalimu Geresom, aliyekuwa amesimama mlangoni, alikohoa akatazama dari. Mimi nikamwomba aniambie nimpikie mtoto nini.

Santa alimpa dawa ya kulainisha choo ya muda mfupi tu. Akaagiza anywe maji mara kwa mara, arudie uji wa wimbi, ale papai au fenesi, na maharage na majani yaongezwe kidogo kidogo ili gesi isimzidi. Kila asubuhi baada ya uji akae chooni bila haraka, na akibanwa asijizuie. "Na mkiona damu, au anatapika, au homa, au tumbo linazidi kuvimba, msisubiri. Mleteni hapa."

"Sista, Mbale nitakwenda?" Twaibah aliuliza kwa sauti ndogo.

Santa alimtazama mwalimu. Mwalimu alikuna kichwa. "Majina yanaweza kungoja mpaka Ijumaa ya pili. Nikimwona anakimbia, nitamwandika."

Tulirudi nyumbani tukaanza upya. Siku za kwanza mtoto alikunja uso mbele ya bakuli la maharage, nami nilikaa naye mpaka limalizike. Lakini tumbo lilipoanza kulegea, njaa ilirudi, na kicheko kikarudi. Jioni nilisikia miguu yake ikikimbia kutoka shule, siyo ikiburutwa. Ijumaa ile Mwalimu Geresom aliandika jina lake.

Na mimi nilikwenda kwenye mkutano wa wazazi nikapiga kelele kama nilivyoambiwa, Sista Santa kando yangu. Diwani alitujibu kwamba suala linashughulikiwa. Tulipochoka kungoja, wazazi tulichanga mbao na mabati, nikashika nyundo na wenzangu, tukaweka milango. Siku tulipomaliza, diwani alikuja kupigwa picha.

Mbale tulikwenda kwa basi. Wanale ulipojitokeza, na maporomoko yake membamba kama uzi mweupe, niliinuka kidogo kitini. Mahali fulani kwenye njia hiyo Khainza alikuwa akinishika mkono na kusema, "Sasa tumefika nyumbani." Safari hii aliyenishika mkono alikuwa Twaibah. "Ndio ule mlima, Jajja?" Nikamwambia ndio, nikageukia dirishani.

Uwanjani palijaa watoto na vumbi. Orpah alikuwa amefika mapema, kitenge kiunoni, akinipungia mkono kwa nguvu. Wakimbiaji wa mita mia nane walipoitwa, Twaibah alimwendea Mwalimu Geresom akasema kwa sauti ambayo hata sisi tuliisikia:

"Mwalimu, nataka kwenda choo kwanza."

Brendah, aliyekuja na timu ya netiboli, aliziba mdomo. "Wewe! Mbele ya watu wote?"

"Kwani wewe huendi?" Twaibah alimjibu. Wasichana wote walicheka, na wawili wakamfuata huko huko.

Alikimbia vizuri. Katika mzunguko wa mwisho aliwapita watatu, Orpah akipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Mbele yake alibaki msichana mmoja wa Kapchorwa, na hao wa Kapchorwa mnawajua, wamezaliwa wanakimbia. Twaibah alikuwa wa pili. Alikuja kwetu akihema, mikono kiunoni, tumbo lake limetulia. Akaomba maji.

Nyumbani kwa Orpah tulikula ndizi, maharage na kunde. Brendah pia alialikwa. Aliangalia sahani yake, akamwangalia Twaibah, kisha akaomba aongezewe kunde. Orpah alisikiliza hadithi yote, pamoja na ile ya mbuzi, akacheka mpaka akashika ukuta. Alipomaliza kucheka aliwaweka wasichana wote wawili mbele yake.

"Sikilizeni, wanangu. Chakula cha nyumbani si cha kuonea aibu, hata wakikicheka. Tumbo halijui kucheka, linajua tu limepewa nini. Chapati kuleni siku moja moja, hakuna ubaya. Lakini kila siku mpeni tumbo majani, maharage, matunda na maji, nalo litafanya kazi yake. Na mwili ukiuma, semeni ukweli. Daktari hawezi kutibu ugonjwa uliofichwa. Ungemwambia babu siku ya kwanza, Twaibah, usingelia uwanjani."

"Ndiyo, Jajja," alijibu Twaibah.

"Nawe, shemeji," Orpah aliniambia, "kelele kwa wakubwa endelea kuzipiga, wanazistahili. Lakini ukishapiga, rudi utazame sahani ya mtoto."

Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja alipokuwa akisema, vile vile kama dada yake. Niliitikia, nikasogeza sahani yangu ili aniongezee.